Ukiwa mgeni mjini na unapenda sanaa, anza na ratiba ya wiki hiyo kabla ya jumba kubwa la makumbusho

MtembeaKumbi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za safari zimejaa nondo za viza, nauli na mahali pa kulala, ila sanaa ya mji unaoutembelea hupewa sentensi moja tu: nenda kwenye jumba kubwa la makumbusho, piga picha, songa mbele. Nataka kulipinga hilo kwa kirefu. Mgeni anayeishia hapo huona kile mji ulichokihifadhi, akakosa kile mji unachokifanya sasa. Jengo moja linaweza kuwa na hazina ya miaka mia tano, na usiku huohuo, mitaa michache kutoka hapo, watu hamsini wamekaa kwenye viti vya plastiki wanatazama mchezo wa jukwaani utakaokwisha Jumamosi. Hazina itakuwepo mwakani. Mchezo ule hautakuwepo.

Kwa hiyo kabla hujachagua jengo lolote, tafuta kujua wiki utakayokuwepo kuna nini. Kurasa za mtandaoni za kumbi ndogo zinasaidia kuliko tovuti za utalii, ambazo nyingi huandikwa mara moja zikaachwa hivyo hivyo. Ukishafika, soma kuta. Mabango yaliyobandikwa kwenye vyuo vya sanaa, maktaba, maduka ya vitabu vya mitumba na milango ya studio za dansi ndiko wasanii wanakotangaziana wenyewe kwa wenyewe. Kisha muulize anayeuza vitabu, au anayechana tiketi mlangoni, swali moja: wewe mwenyewe wiki hii unakwenda kuona nini? Ukimuuliza kuna kitu gani kizuri cha kuona, atakutajia vya watalii kwa sababu anadhani ndivyo unavyovitaka. Ukimuuliza anakokwenda yeye, atakutajia onyesho la rafiki yake ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha wageni.

Ratiba inakuokoa pia na milango iliyofungwa. Louvre, jumba maarufu la makumbusho la Paris, hufungwa Jumanne. Musée d'Orsay, ng'ambo ya mto palepale, hufungwa Jumatatu, na Uffizi ya Florence vilevile. Kumbi nyingi za maigizo nazo hupumzika Jumatatu. Mwenye siku mbili tu mjini asipoangalia hilo mapema, nusu ya safari imekwenda. Halafu kuna sanaa inayokuja kwa msimu. FESPACO, tamasha la filamu la Ouagadougou lililoanza mwaka 1969, huja kila baada ya miaka miwili. Documenta, maonyesho ya sanaa ya kisasa ya Kassel, Ujerumani, huja mara moja katika miaka mitano na kudumu siku 100.

Dakar naitaja peke yake kwa sababu inaonyesha ninachokisema kuliko miji mingine. Wakati wa Dak'Art, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa ya Afrika ambayo kwa kawaida huja kila baada ya miaka miwili, kuna sehemu rasmi, halafu kuna kile wanachokiita OFF: maonyesho madogo mengi yaliyotapakaa kwenye hoteli, maduka, nyua za nyumba na karakana za wasanii wenyewe. Anayekwenda kwenye sehemu rasmi peke yake anarudi na nusu ya habari. Edinburgh nako ilianza hivyohivyo. Mwaka 1947 lilipofunguliwa tamasha kuu la mji ule, vikundi vinane vya maigizo vilifika bila kualikwa, vikajitafutia kumbi pembeni. Kutokana na hao wasioalikwa ikazaliwa Fringe, ambayo leo kila Agosti ni kubwa kuliko tamasha lenyewe.

Jambo jingine ninalolipigania ni kupunguza. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa jumba la makumbusho ya sanaa la Boston aliandika kuhusu uchovu wa makumbusho, akaweka na picha za mtu anavyoinama, anavyochuchumaa na kunyoosha shingo ili aone kilichomo kwenye makabati na kusoma vibandiko. Karne imepita na miguu ya binadamu ni ileile. Utafiti uliofanywa Metropolitan Museum ya New York na kuchapishwa mwaka 2001 ulikuta kazi moja hutazamwa kwa wastani wa sekunde 27, kusoma kibandiko kukiwemo humohumo. Sasa piga hesabu: Louvre inaonyesha kazi zipatazo 35,000. Ukizipa sekunde 27 kila moja, utakaa humo karibu siku 11, usiku na mchana, bila kulala. Hakuna "kuimaliza Louvre". Ukilikubali hilo kabla hujaingia, unaingia ukiwa huru.

Ninachokifanya mimi ni kuchagua vyumba viwili au vitatu tu. Mzunguko wa kwanza natembea bila kusoma chochote, macho yaamue. Kisha narudi kwenye kazi chache zilizonishika, nakaa nazo robo saa kila moja. Dakika za mwanzo unaona habari ya picha: huyu mfalme, yule farasi. Ukivumilia unaanza kuuona mkono wa mchoraji: mahali alipofuta akachora upya, mwanga unakotokea, nani anamtazama nani, rangi ipi imerudiwa pembeni ili jicho lisitoke nje ya fremu. Hapo ndipo sanaa inapoanza kukulipa, na hakuna namna ya kupafikia kwa haraka.

Na kuna sanaa kubwa kabisa isiyo na dirisha la tiketi. Roma, ndani ya kanisa la San Luigi dei Francesi, kuna michoro mitatu ya mchoraji Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo. Iko palepale ilipokusudiwa kukaa tangu ilipochorwa miaka zaidi ya 400 iliyopita. Kuingia ni bure. Pembeni kuna kisanduku cha sarafu; mtu anatumbukiza, taa inawaka kwa muda mfupi, kanisa zima linasogea, kisha giza linarudi na watu wanatazamana nani atatumbukiza tena. Mexico City, Diego Rivera alichora kuta za nyua za wizara ya elimu kati ya 1923 na 1928, kazi iliyokusudiwa kutazamwa na watu wanaopita kwenye shughuli zao. Accra, mtaa wa kale wa Jamestown hugeuka jukwaa kila linapofanyika tamasha la Chale Wote, lililoanza mwaka 2011: michoro ya ukutani, maigizo ya barabarani, maandamano ya mavazi, watoto wa mtaa wakiwa ndani ya kazi yenyewe.

Ukiwa huna pa kuanzia kabisa, uliza viwanda vya zamani viko wapi. Wasanii hufuata nafasi kubwa na kodi ndogo, na majengo hayo ndiyo yenye vyote viwili. Eneo la 798 la Beijing lilikuwa viwanda vya vifaa vya umeme vilivyojengwa miaka ya 1950. Fábrica de Arte Cubano ya Havana, iliyofunguliwa 2014, iko kwenye kilichokuwa kiwanda cha mafuta ya kupikia. Usiku mmoja unatoka kwenye maonyesho ya picha, unaingia kwenye dansi, unakutana na bendi. Hata Tate Modern ya London, iliyofunguliwa mwaka 2000, ilikuwa kituo cha kuzalisha umeme.

Karibuni tuchangie. Mwenye uzoefu wa mji wowote aweke.

JichoKavu

Mleta mada, madini yapo ila nakupinga. Mtu amedunduliza miaka kwa ajili ya safari moja ya maisha, amefika Madrid, halafu umwambie asianze na Las Meninas, ule mchoro wa Velázquez ulioko jumba la makumbusho la Prado, aende kwenye viti vya plastiki? Kazi kubwa ni kubwa kwa sababu. Mchezo wa wiki hii unaweza kuwa mbovu, na mara nyingi ni mbovu. Las Meninas imepimwa na karne tatu na zaidi.

MtembeaKumbi

JichoKavu, hoja yako ni nzito na sitaki ipite juujuu.

Las Meninas lazima uione. Velázquez aliichora 1656, ni kubwa kuliko kimo cha mtu, mita 3 na ushee kwenda juu, na hakuna picha ya simu inayoweza kukuandaa kwa hilo. Mchoraji mwenyewe amesimama ndani ya mchoro akikutazama, na kwenye kioo cha nyuma wanaonekana mfalme na malkia, kana kwamba wamesimama uliposimama wewe. Ukubwa wake ndio unaofanya hilo lifanye kazi mwilini mwako.

Ninachobishania ni mpangilio wa siku. Jumba kubwa liko wazi karibu kila siku, mwaka mzima. Unaweza kulipachika popote. Onyesho la usiku mmoja haliwezi kupachikwa popote. Panga kwanza kile chenye saa moja tu ya kutokea, kisha jumba kubwa lijaze nafasi zinazobaki. Prado yenyewe huachia watu bure saa mbili za mwisho kila siku. Foleni huwa ndefu, lakini kwa mtu anayekwenda kuona kazi moja au mbili, saa mbili zinatosha na kubaki.

Kuhusu ubovu, ni kweli. Utaona michezo mibovu. Lakini kitu kibovu kilichotengenezwa wiki hii kinakwambia mji huu unahangaika na nini sasa: unamwogopa nani, unamlilia nani. Karne tatu hazijakichuja bado, na kushuhudia kitu ambacho hakijachujwa ni sehemu ya raha.

JichoKavu

Hapo kwenye mpangilio wa siku tumekubaliana. Kwenye raha ya michezo mibovu, bado.

Bi_Kalamu

Nina swali ambalo wengi wanaona haya kuliuliza. Mimi sanaa ya kisasa siielewi. Nikisimama mbele ya kazi naona watu wanatikisa kichwa kwa heshima, mimi naona mabati. Nifanyeje nifaidi?

MtembeaKumbi

Dada Bi_Kalamu, acha kwanza swali la "inamaanisha nini". Anza na haya: imetengenezwa kwa kitu gani? Imeunganishwaje? Ilihitaji mikono mingapi? Ukisogea karibu inabadilikaje?

Nikupe mfano, kwa kuwa umetaja mabati. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefundisha kwa miaka mingi Nsukka, Nigeria, hutengeneza mapazia makubwa yanayometa kama vitambaa vya kifalme. Ukiwa mbali unaona dhahabu na wekundu vikiporomoka ukutani. Ukikaribia unagundua ni vifuniko vya chupa za pombe, maelfu kwa maelfu, vimebondwa, vimekunjwa, vikaunganishwa kwa waya wa shaba. Hapo unajiuliza: kwa nini pombe? Naye ameshaeleza kwamba pombe kali ilikuwa bidhaa ya biashara kati ya Ulaya na Afrika, biashara iliyofungamana na ile ya watumwa. Tazama ulivyofika kwenye maana bila kuanza nayo. Uliuliza kitu kimetengenezwa na nini, historia ikaja yenyewe.

Na kama umeuliza yote hayo na kazi bado haijakupa kitu, ondoka kwa amani uende kwenye nyingine. Huna deni nayo.

FundiSauti

Mleta uzi umeisahau kabisa tiketi ya kusimama, na huko ndiko mgeni mwenye mfuko mwembamba anakofaidi. Vienna State Opera ina nafasi mia kadhaa za kusimama, zinauzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei ya kiti. Wazoefu hufunga skafu kwenye reli kuonyesha hapa pana mwenyewe, na watu wanaheshimu. Utasimama na wanafunzi wa muziki na wazee waliosikia opera ileile miaka na miaka, na wakati wa mapumziko hao ndio watakaokueleza mwimbaji wa leo amefanya nini cha ajabu. Kwenye viti vya bei kubwa hakuna atakayekusemesha.

London pia: Shakespeare's Globe, ukumbi uliojengwa upya na kufunguliwa 1997, una uwanja wa kusimama usio na paa mbele kabisa ya jukwaa, na mwamvuli hauruhusiwi. Na Tokyo, Kabuki-za, ukumbi wa kabuki (tamthilia ya jadi ya Kijapani), onyesho huchukua saa nyingi lakini wanauza tiketi ya kipande kimoja tu. Kwa mtu anayeonja kabuki kwa mara ya kwanza, hiyo ni rehema.

Ya mwisho: vyuo vya muziki. Wanafunzi hulazimika kupiga mbele ya hadhira ili wafuzu, na miji mingi maonyesho hayo ni bure. Kiwango ni cha juu kuliko mtu anavyodhani, na mpiga piano wa miaka 22 anayepigania shahada yake hapigi kwa mazoea.

MtembeaKumbi

FundiSauti, hii ilipaswa kuwa kwenye bandiko la kwanza. Shukrani sana kaka.

MgeniNjia

Na lugha je? Tamthilia kwa lugha nisiyoijua si nitalala?

FundiSauti

Mkuu, usianze na tamthilia ya maneno mengi. Anza na dansi, vikaragosi, sarakasi, muziki. Opera haileti shida, kwa sababu kumbi kubwa nyingi zina skrini ndogo au ubao juu ya jukwaa vinavyoonyesha tafsiri. Ukitaka tamthilia kwa nguvu, chagua hadithi unayoijua tayari. Soma muhtasari mchana, usiku macho na masikio yawe huru kumfuata mwigizaji. Utashangaa unavyoitambua tabia ya mtu kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema.

Bi_Kalamu

Kuhusu kupiga picha, niongezee kitu kwa wageni wenzangu. Sistine Chapel, kanisa lililoko Vatican, hairuhusiwi kabisa. Prado na Van Gogh Museum ya Amsterdam nako hairuhusiwi kwenye vyumba vya michoro. Kwingine wanaruhusu bila mwanga wa flashi. Soma alama mlangoni, usingoje mlinzi akupigie kelele. Na kwenye maonyesho ya watu hai, mcheza ngoma au mchoraji wa barabarani si ukuta. Omba.

Mwana_wa_Nasaba

Naomba nitie neno lenye uchungu kidogo. Sisi Waafrika tukiingia makumbusho ya Ulaya kuna vyumba ambavyo moyo unakaza. Vichwa vya shaba vya ufalme wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, vile vilivyochukuliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897 ufalme ulipovamiwa na kuchomwa, vimesimama nyuma ya kioo na taa nzuri. Kazi ni nzuri mno, na unasimama pale hujui ufurahi au ulie. Mgeni afanyeje hapo?

MtembeaKumbi

Ndugu yangu, vyote viwili kwa pamoja. Sioni sababu ya kuchagua kimoja.

Ninachopendekeza ni kusoma mstari wa mwisho wa kibandiko. Watu wengi husoma jina na mwaka wa kutengenezwa, wakaacha pale chini panapoandikwa kitu kiliingiaje humo: kununuliwa, kutolewa na familia fulani, mwaka fulani. Linganisha mwaka huo na historia ya kilikotoka. Ukikuta kitu cha Afrika Magharibi kimeingia Ulaya mwaka 1898, umeshapata swali la kumuuliza mtembeza wageni, na muulize kwa sauti ili kundi lote lisikie. Sasa hivi mambo yanasogea. Novemba 2021 Ufaransa ilirudisha hazina 26 za ufalme wa Dahomey kwa Jamhuri ya Benin, na Desemba 2022 Ujerumani ilikabidhi Nigeria baadhi ya shaba za Benin. Maswali ya watu wa kawaida, yakirudiwa mwaka baada ya mwaka, ni sehemu ya msukumo uliofikisha mambo hapo.

Na uzuri wa kazi usikubali mtu akunyang'anye. Yule fundi wa Benin alimwaga shaba kwa ustadi wa kumfanya yeyote anyamaze. Mtazame yeye kwanza, kwa muda mrefu kadiri unavyotaka.

Mwana_wa_Nasaba

Nimekuelewa mkuu. Asante.

MgeniNjia

La mwisho kwangu: nikimpata msanii kwenye karakana yake na nikataka kununua kazi, nizingatie nini? Naogopa uwanja wa ndege.

MtembeaKumbi

Kwanza namna ya kufika. Ufunguzi wa maonyesho ndiyo mlango mwepesi kuliko yote, kwa sababu usiku huo msanii yupo, mara nyingi hakuna kiingilio, na anatamani kuongea na mtu aliyeitazama kazi badala ya kutazama watu. Mwambie umeona nini kwenye kazi fulani, kitu mahsusi, kisha muulize kama anapokea wageni karakanani. Miji mingi pia ina siku maalumu za karakana kuwa wazi kwa wote, angalia ratiba.

Ukinunua, mwombe risiti yenye jina lake, jina la kazi, vipimo, mwaka na bei, iwe na sahihi yake. Karatasi hiyo itakusaidia forodhani, na baadaye itathibitisha kazi ni yake. Mchoro wa turubai unaweza kutolewa kwenye fremu ukakunjwa ndani ya bomba gumu, ila mwache msanii aukunje mwenyewe, upande wa rangi ukiwa nje ili rangi isibanwe ikapasuka. Rangi ya mafuta iliyopakwa nene huchukua miezi kukauka hadi ndani, kwa hiyo muulize ameimaliza lini. Ikiwa ni mbichi, lipa, mwachie, akutumie baadaye.

Kitu cha kale ni habari nyingine. Sanamu au kinyago unachoambiwa ni cha miaka mia, kiache mpaka uone kibali cha kukitoa nchini, kwa maana nchi nyingi zina sheria kali juu ya hilo, na mkataba wa UNESCO wa 1970 unapinga usafirishaji haramu wa vitu vya aina hiyo. Pembe za ndovu na gamba la kasa usiguse kabisa. Biashara yake ya kimataifa inabanwa na mkataba wa CITES, unaolinda viumbe walio hatarini, na mzigo unaweza kukamatwa hata kama ulilipa kwa nia njema. Kwa kazi ya msanii aliye hai, ukiwa na risiti, mara nyingi utapita forodha bila hofu. Beba bomba mkononi, usiliache liende na mizigo ya chini.